Usingoje Desemba kumwambia mfanyakazi ukweli

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo (si sana, msikimbie) nizungumzie jambo linalowauma watu wengi walioajiriwa, hasa mwaka unapokaribia kwisha: ile fomu ya tathmini ya kazi. Mwaka mzima hujaambiwa neno. Umeingia saa mbili, umetoka saa kumi na moja, mshahara umeingia, bosi anakuitikia salamu. Kisha siku moja unaitwa ofisini, unasukumiwa karatasi yenye visanduku, na humo unakuta kwamba mwezi wa tatu ulichelewesha ripoti, kwamba "mawasiliano yako na wateja hayaridhishi", na kwamba alama yako ni 3 kati ya 5. Mwezi wa tatu! Wewe hata hukumbuki mwezi wa tatu ulikuwa unafanya nini.

Msimamo wangu niuseme mapema ili asiyekubali aanze kunoa kalamu. Fomu ya mara moja kwa mwaka haimsaidii mfanyakazi na haimsaidii mwajiri. Mtu anastahili kuambiwa kazi yake ikoje wakati kazi yenyewe bado ina joto, mwaka mzima, kwa maneno machache na yanayoeleweka. Lakini pia sikubaliani na wale wanaodhani dawa ni kununua programu ya kutuma maoni kila siku. Nitafika huko.

Nianze na kazi ninayoijua. Miaka ya 1960 mwandishi wa programu alikuwa akitoboa kadi, anazifunga kwa mpira, anampa mhudumu wa kompyuta dirishani, anaenda zake. Majibu yalitoka baada ya saa kadhaa, au kesho yake. Ukikosea alama moja ya mkato, siku nzima imepotea. Historia yote ya kazi yetu tangu wakati ule unaweza kuisimulia kama hadithi ya watu waliochoka kungoja majibu. Leo ninapoandika mstari wenye kosa, mhariri wangu wa msimbo unaupigia mstari mwekundu kabla sijauinua mkono kwenye kibodi. Majaribio yanajiendesha yenyewe kila ninapohifadhi. Mwenzangu anaukagua msimbo kabla haujaunganishwa na wa wengine. Waliotia saini ule waraka wa Agile mwaka 2001 waliliandika kabisa kama kanuni, kwamba timu ikae kila baada ya muda maalumu ijitazame na ijirekebishe.

Kwa nini tunajisumbua hivyo? Kwa sababu kosa lililoonekana dakika hiyo hiyo hurekebishwa kwa dakika mbili, na lililokaa miezi minane limeshajengewa nyumba juu yake. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawakuwa na kompyuta.

Sasa tazama kioja. Kampuni hizo hizo zinazokagua msimbo mara ishirini kwa siku humkagua binadamu aliyeuandika mara moja kwa mwaka. Msimbo unapata majibu papo hapo, mtu anangoja Desemba.

Kuna jambo jingine kuhusu kompyuta ambalo mameneja wengi hawalioni, nalo lina uzito kuliko kasi. Majibu yake ni mahususi. Haikwambii "wewe ni mwandishi mzembe wa programu". Inakwambia mstari wa 42, hapa, umesahau kufunga mabano. Haikutukani, haikumbushi makosa ya mwaka jana, haikutaji mbele ya wenzako. Unafunga mabano, mnaendelea na maisha. Fomu ya mwaka hufanya kinyume chake: inachelewa, na ikifika inazungumzia tabia ya mtu badala ya jambo alilolifanya.

Hapa Kenya hatukosi mifano. Serikali ilianzisha mikataba ya utendaji kazi mwaka 2004, ikianza na mashirika 16 ya umma, na baadaye ikaenea wizarani na kwingineko. Wazo lilikuwa zuri: shirika linaahidi litafanya nini katika mwaka wa fedha, kisha linapimwa. Lakini muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma nini hutokea mwezi wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Watu wanatafutana na makaratasi. Malengo yaliyopaswa kuandikwa Julai iliyopita yanaandikwa siku hiyo hiyo pamoja na matokeo yake, na ajabu ni kwamba yanalingana. Ningekuwa na uwezo huo wa kulenga baada ya mpira kuingia golini, ningechezea timu ya taifa.

Kisha wakaja walimu. Mwaka 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilianza kutumia mfumo wa TPAD. Huu haukungoja mwaka: mwalimu alitathminiwa kila muhula, mkuu wake anaingia darasani kumtazama akifundisha, kisha wanakaa kujadiliana, halafu taarifa zinaingizwa mtandaoni. Ukiusoma mpango wenyewe kwenye karatasi, ni kile kile ninachokipigia debe leo. Tena kile kipengele cha kuingia darasani kutazama ni bora kuliko chochote nilichokiona katika kampuni za teknolojia, maana kinamtazama mtu akiwa kazini, si sifa zake.

Na bado walimu wengi waliuchukia. Chama cha KNUT kiliupinga kwa miaka. Ukizungumza na mwalimu (na huku Kisauni huwezi kutembea hatua mia bila kukutana na mwalimu) hatakwambia kwamba hataki kutazamwa. Atakwambia alijaza. Alijaza fomu, akatafuta ushahidi wa kuambatisha, akaenda kwenye saiba kwa sababu shuleni hakuna intaneti ya maana, akalipa kutoka mfukoni, akarudi kesho kwa sababu mtandao wa tume ulikuwa umezidiwa, kila mtu nchini anaingia wiki hiyo hiyo ya mwisho. Mazungumzo na mkuu, ambayo ndiyo yaliyokuwa kiini, yakageuka kuwa sahihi. Ndipo ninaposema kwamba kuongeza idadi ya fomu si kuongeza mrejesho. Ukiichukua fomu mbaya ya mwaka ukaigawa mara tatu, unapata fomu mbaya tatu.

Haya, turudi mtaani. Utange tuko karibu na hoteli za Shanzu na Bamburi, na nyumba nyingi huku zinakula kwa mishahara ya hoteli: wapishi, weita, wasafishaji wa vyumba, walinzi, watu wa bustani. Kazi hizi nyingi ni za msimu. Desemba hoteli zimejaa, mwezi wa Mei ukipita barabarani unasikia kunguru tu. Mikataba ni ya miezi mitatu, sita, mwaka.

Jirani yangu mmoja, weita wa miaka mingi, mkataba wake ulikwisha na hakuitwa tena. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba wageni walimlalamikia, eti hana haraka wakati wa kifungua kinywa. Lini? Mwezi wa nane. Yeye alikuwa anaulizia mwishoni mwa Desemba, watoto wawili wanarudi shule Januari. Tangu Agosti hadi siku ile, miezi minne, kila asubuhi wanasimama mstari kabla ya kazi, wanaelezwa wageni wangapi wanaingia na wangapi wanatoka, na hakuna aliyemvuta kando akamwambia, "Kaka, pale asubuhi kuna tatizo, hebu tuone." Huenda meza alizopangiwa zilikuwa mbali na jikoni. Huenda mguu ulikuwa unamuuma. Huenda kweli alikuwa mvivu. Hatutajua, kwa sababu swali liliulizwa wakati jibu halina kazi tena. (Hoteli siitaji. Zipo nyingi zinazofanya hivyo.)

Hapo ndipo sheria inapoingia, na naomba msomaji uvumilie kidogo, mimi si wakili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa sababu ya utendaji mbaya lazima kwanza amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama hapo, na asikilizwe. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imekwenda mbele zaidi katika hukumu zake: mwajiri aonyeshe alikuwa anaupima vipi utendaji huo, na alimpa mtu nafasi gani ya kujirekebisha. Ukishindwa kuthibitisha, mahakama inaweza kukuamuru ulipe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Kwa hiyo bosi anayeniambia mazungumzo ya kila mwezi yanampotezea muda, namwomba apige hesabu hiyo kwanza.

Lakini mtu wa mkataba wa muda hana kinga hiyo hasa. Mara nyingi mahakama zimeshikilia kwamba mkataba wa muda maalumu hufikia mwisho wake wenyewe, na mwajiri halazimiki kuurudia. Hafutwi mtu. Haitwi tu. Kwa mfanyakazi wa aina hii, na huku pwani ndio wengi, yale maneno ya Agosti ambayo hayakusemwa ndiyo yalikuwa kinga yake pekee.

Wakubwa wa dunia nao wameanza kuliona hili, ingawa kwa sababu zao. Adobe waliacha tathmini ya mwaka mwaka 2012, wakaweka mazungumzo ya mara kwa mara kati ya mtu na msimamizi wake. Microsoft mwaka 2013 waliuacha ule mfumo wa kuwapanga wafanyakazi kwa foleni, ambapo hata timu ikiwa nzuri yote lazima mtu fulani awe wa mwisho. Deloitte mwaka 2015 walieleza kwamba walipojumlisha muda wote unaokwenda kwenye fomu, mikutano na kupanga alama, waliona unafika karibu saa milioni 2 kwa mwaka. Saa milioni mbili, na sehemu kubwa ilikuwa wakubwa wanajadiliana wao kwa wao kuhusu alama, si kuzungumza na wenye kazi.

Msije mkadhani basi mrejesho wowote ni dawa. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili, Kluger na DeNisi, walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Waligundua kwamba kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini katika zaidi ya thuluthi ya matokeo ulishusha utendaji. Watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuambiwa. Na unavyozidi kumgusa mtu nafsi yake badala ya kazi yake, ndivyo unavyozidi kuharibu. Narudi kwenye mabano yangu ya mstari wa 42.

Tuna mifano yetu ya kuharibu katika teknolojia. Linus Torvalds, baba wa Linux, alijulikana kwa miaka mingi kwa kuwajibu wachangiaji hadharani kwa maneno makali. Mrejesho wake ulikuwa wa haraka sana, na mahususi sana, hapo huwezi kumlaumu. Lakini Septemba 2018 yeye mwenyewe aliomba radhi kwa barua zake, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za adabu. Amazon nao, gazeti la New York Times liliandika mwaka 2015 kuhusu chombo chao cha ndani kilichomwezesha mfanyakazi kumpelekea bosi wa mwenzake sifa au lawama wakati wowote. Bosi anamjua aliyetuma, anayesemwa hamjui. Mrejesho wa mwaka mzima huo! Kwa Kiswahili chetu una jina lake: kusengenya, ila umewekewa kitufe.

Na huhitaji kwenda Seattle. Simamisha gari la programu pale Bamburi Mtambo. Uber iliingia Mombasa mwaka 2016 na wengine wakafuata, na dereva anatathminiwa na kila abiria, kila safari. Hakuna mfanyakazi anayepata mrejesho mwingi kuliko huyu. Lakini anapata nini? Nyota. Wastani umeshuka kidogo, basi. Ni abiria gani, ni kwa sababu ya kiti, muziki, njia, au abiria alikuwa amegombana na mkewe? Hajui. Anachojua ni kwamba ukishuka sana akaunti inaweza kuzimwa. Kompyuta inayosema "kuna kosa" bila kutaja mstari haina faida hata ikisema mara mia kwa siku.

Niguse na adabu zetu, maana vitabu vya usimamizi vimeandikwa na watu wasiojua pwani. Huku hatupendi kumwambia mtu ana kwa ana. Tuna mafumbo. Meneja anasimama kwenye mkutano anasema, "Kuna watu hapa wanadhani kampuni ni ya baba yao." Watu kumi na wanane wanatazamana. Aliyekusudiwa anadhani ni mwingine, na wale kumi na saba wanarudi nyumbani na presha. Ni kama kuvaa kanga yenye maneno ukapita mlangoni kwa jirani: aliyevaa ameridhika, ujumbe sijui umemfikia nani. Siku hizi mafumbo yamehamia kwenye kundi la WhatsApp la kazini, saa nne ya usiku.

Lingine ni umri. Kijana wa miaka 27 ametoka chuo, amewekwa kumsimamia fundi wa miaka 55 aliyefika kazini kabla yeye hajazaliwa. Anaogopa kumkosoa, basi anakaa kimya mwaka mzima halafu anaandika kwenye fomu, kwa sababu fomu haina macho. Mimi naona hilo ndilo linalomvunjia mzee heshima zaidi. Mzee huyo huyo alifundishwa ufundi kwa kusahihishwa papo hapo, randa mkononi, neno moja, "siyo hivyo, fuata mshipa wa mbao." Hakuna fundi wa Mombasa aliyemngojea mwanafunzi wake amalize kabati zima ndipo amwambie mlango wa kwanza ulipinda. Kijana anaweza kusema, "Mzee, shikamoo, naomba dakika tano zako," wakatoka nje, chini ya mwembe, wakazungumza kazi. Tunalo hata neno, kumsetiri mtu. Kumsetiri si kumnyamazia. Ni kumwambia pasipo na watu.

Basi kwa maoni yangu inatosha nini? Ndani ya wiki jambo lilipotokea, mwambie, likiwa zuri au baya, na taja jambo lenyewe. Wasimamizi wengi husahau lile zuri, halafu wanashangaa watu wakiona simu yao wanatetemeka. Mpe naye nafasi ya kukwambia lako. Mazungumzo ya nyongeza ya mshahara yawe siku nyingine kabisa, maana mtu anayengoja kusikia hela hasikii kingine chochote. Kisha andika mstari mmoja, na mstari huo yeye auone siku hiyo hiyo.

Hili la mwisho nalisisitiza kama mtu wa kompyuta. Nimeonyeshwa mifumo ambayo msimamizi anaweka maandishi kuhusu mtu mwaka mzima na mtu mwenyewe hana njia ya kuyafungua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinatumikaje, kuziona, na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe. Kifungu cha 35 kinampa pia haki ya kutoamuliwa mambo makubwa ya maisha yake na mashine peke yake. Wenzangu mnaouziwa mifumo hiyo, au mnaoiandika, ulizeni swali moja kabla ya kulipwa: yule anayeandikwa, anaingia kwa kitufe gani?

Sisi tuko wanne tu katika kikundi chetu, kwa hiyo hatukununua kitu. Nimeandika skripti ndogo, mistari kama sitini ya Python, inakaa kwenye seva ya bei rahisi. Kila Ijumaa saa tisa inamtumia kila mmoja maswali mawili: wiki hii nani alifanya jambo lililokusaidia, na ni jambo gani unataka lifanyike tofauti wiki ijayo, la kwako au la mwenzako. Majibu yanaingia kwenye faili moja la maandishi ambalo wote wanne tunalisoma, jina la aliyeandika likiwepo. La kukosoa mtu haliingii humo mpaka umeshamwambia kwa mdomo. Skripti haiwezi kulihakikisha sharti hilo, tumekubaliana tu. Mwanzoni watu waliandika "yote sawa" wiki tatu mfululizo. Ya nne mmoja akaandika kwamba mimi hupanga mikutano saa ya magharibi, wakati yeye anaswali, na kwamba amevumilia tangu tuanze. Tuliihamisha siku ile ile.

Stima ikirudi vizuri (Utange tangu jana inawaka na kuzima kama taa ya disko) nitaondoa nywila zilizomo humo niiweke hapa, kila mtu aichukue bure. Anayejua namna ya kuifanya itume SMS ya kawaida badala ya kutegemea intaneti aniambie, maana yule jirani yangu amepata kazi mahali pengine, mkuu wake wa sasa anaitaka kwa weita wake kumi na mmoja, na nusu yao wana simu za vitufe.